Nives Anatafuta Mvumo

Nives Bradičić alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Meza yake na yangu zilitazamana kwa miaka kumi na minane katika maabara ndogo pale Rijeka, mji wa bandari, kwa hiyo haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza mwenyewe huku tukisugua meno ya watu.

Nje ya kazi alikuwa mpiga besi, lile gitaa la sauti nzito. Alianza akiwa na miaka kumi na saba, katika bendi ya watu watatu iliyoongozwa na Livio Superina, mpiga ngoma, mtu mwenye mabega mapana na subira fupi. Mwimbaji wao wa zamani alipohamia Ireland kutafuta kazi, nafasi yake ilichukuliwa na Dunja, binti wa Livio. Dunja alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anapiga gitaa na kuimba, na alimwita Nives shangazi tangu alipojua kutamka neno hilo.

Mwaka ule redio ya mji iliwaalika kupiga muziki Jumapili saa tano asubuhi, katika ghala la zamani la kamba lililogeuzwa ukumbi. Onyesho lingerushwa moja kwa moja. Kwa bendi iliyozoea kupiga kwenye harusi na sherehe za wavuvi, hilo lilikuwa jambo kubwa. Ndipo besi ya Nives ikaanza kulia.

Haikulia yenyewe, zililia pedali zake, visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Alikuwa nazo tano, amezipanga juu ya ubao alioukata kutoka kwenye kitanda kibovu: moja ya kubana sauti isipande wala kushuka ovyo, moja ya kuipa besi nguvu, moja ya kutetemesha, moja ya kidijitali inayoongeza sauti nzito zaidi chini ya ile anayoipiga, na moja kuukuu ya mkwaruzo aliyoinunua Trieste akiwa msichana. Nne kati yake zilikula umeme kutoka adapta moja, kwa waya mmoja wenye matawi, na ile kuukuu ilitumia betri. Tangu aongeze hiyo ya kidijitali, kila alipokanyaga pedali spika ilitoa mlio mwembamba usiokatika.

Livio alivumilia mazoezi mawili katika gereji yao. La tatu akaweka vijiti vyake chini.

"Nives, unafuga mbu kwenye huo ubao?"

"Nashughulikia."

"Unashughulikia tangu Pasaka. Mimi besi siisikii, nasikia mbu tu."

"Nimesema nashughulikia, Livio."

"Redio hawatakusubiri. Nimeshaongea na Sandi."

Sandi alikuwa kijana wa Opatija, mpiga besi hodari, anayechomeka gitaa lake kwenye spika moja kwa moja, bila pedali hata moja. Dunja alimtazama baba yake, kisha akainamia nyuzi za gitaa kana kwamba zimelegea.

"Umeongea naye kuhusu nini?" Nives aliuliza.

"Akae tayari. Basi. Mambo yakienda vizuri hatahitajika."

Kesho yake kazini Nives alivunja jino la mteja mara mbili. Sikuwahi kumwona akivunja hata moja. Alipotulia akaniambia, "Ornella, miaka thelathini na minne. Na ananiwekea mtu wa akiba kama gurudumu la gari."

Akaanza kutafuta kwa utaratibu, kama anavyotafuta kasoro kwenye meno. Alichomoa pedali moja moja. Alipoichomoa ile ya kidijitali, mbu akanyamaza. Alipoirudisha, mbu akarudi. Lakini ukiipa betri yake peke yake, nayo ilikuwa kimya. Kwa hiyo pedali haikuwa mbovu. Ubaya ulikuwa kula sahani moja na wenzake: uchafu wa umeme wake ulipita kwenye waya ule wa matawi na kuingia kwa wote. Na betri haikuwa dawa, kwani pedali ile ilimaliza betri kabla ya nyimbo nne.

Akaagiza mtandaoni kisanduku cha umeme chenye matundu manane. Juu yake iliandikwa kwamba kila tundu limetengwa na jingine. Kilifika Jumatano, na mbu akawa vilevile. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Ndipo akaenda kwa Morena, nami nikaenda naye. Morena alikuwa na karakana ya kutengeneza amplifaya nyuma ya soko la samaki, mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Alikipindua kile kisanduku, akacheka kwa pua.

"Kimeandikwa kimetengwa. Tuone." Akachukua mita yake, akachomeka nyaya mbili kwenye matundu mawili tofauti, na kugusisha ncha za mita kwenye upande hasi wa kila mmoja. Mita ikalia. "Unasikia? Ikilia, maana yake yameungana huko ndani. Matundu manane, chungu kimoja. Wamekuuzia waya ule ule wa matawi, ila umevalishwa kofia."

"Nataka ambacho hakilii," Nives alisema.

"Ninavyo viwili. Lakini kwanza niambie unalisha nini. Watu huja hapa wakiangalia rangi."

Nives alitoa karatasi. Alikuwa ameandika kila pedali na umeme inaouhitaji. Morena akaisoma, akavua miwani ya machoni na kuteremsha ya kichwani.

"Nani kakufundisha kuandika hivi?"

"Naandika meno hivi."

Kisanduku cha kwanza kilikuwa kizito kama tofali, imara, kina matundu sita. Cha pili kilikuwa chembamba na chepesi, nacho kina sita. Nives alikipenda kile kizito, ungeona alivyokishika. Morena akamzuia.

"Volti, bibie, ukizidisha unaunguza. Lakini miliampea, yaani wingi wa umeme tundu linaoweza kutoa, si hivyo. Tundu likiwa na nyingi, pedali huchukua inachohitaji na kuacha kingine. Hatari ni tundu kuwa na chache. Hilo tofali linatoa mia moja kila tundu. Hii yako ya kidijitali inataka ngapi?"

"Mia tatu."

"Basi ukiichomeka hapo itakunyamazia katikati ya wimbo. Hiki chepesi kinatoa mia tano. Na tundu hili la mwisho unaliweka volti kumi na nane kwa swichi, kwa hii yako ya kuipa besi nguvu."

"Na ile kuukuu? Plagi yake chanya na hasi zimegeuzwa."

"Ndiyo, za zamani ziko hivyo. Ungeiunga na wenzake kwenye ule waya wa matawi ungepata shoti papo hapo. Ikiwa na tundu lake mwenyewe, lililotengwa kweli, unatumia waya wa kugeuza na hakuna neno."

Nives hakuchukua kwa kuamini. Aliomba mita, akapima mwenyewe kila tundu na kila jirani yake. Mita haikulia hata mara moja. Alipomaliza akauliza kama mita ile inauzwa pia. Morena akamwambia aichukue tu, ana nyingine.

Jioni ile gereji ilikuwa kimya tulivu. Nives alikanyaga pedali zote tano kwa pamoja, akaondoa mikono kwenye nyuzi, na spika haikusema kitu. Dunja akapiga makofi.

"Shangazi, mbu wamekufa wote."

"Naona," Livio alisema. Akatazama ngoma zake. "Lakini Sandi nimeshamwambia aje Jumapili. Atakaa tu."

"Atakaa na besi yake au bila?" Nives aliuliza. Livio akaokota vijiti vyake.

Jumapili tulifika ukumbini saa tatu na nusu, bura, ule upepo mkali wa baridi, ukipiga milango ya mabati. Nilikuwa nimebeba ubao wa pedali, sikuthubutu kuuweka chini hata kupumzisha mikono. Livio alikuwa ameleta vifaa vyake: ngoma, amplifaya ya zamani aliyompa Dunja, na waya mrefu wa rangi ya chungwa wenye soketi nyingi. Kwenye waya huo wakachomeka amplifaya ya Dunja, ya Nives, na kisanduku kipya. Maikrofoni na spika kubwa zilikuwa za ukumbi, nazo zilipata umeme upande mwingine wa jukwaa.

Nives akawasha. Spika ikavuma.

Haukuwa mlio wa mbu. Ulikuwa mzito, kama mzinga wa nyuki ukutani. Watu wa redio waliinua vichwa. Sandi alikuwa kwenye kiti cha mbele, besi imesimama katikati ya magoti yake, akatazama viatu.

"Si ulisema umepona?" Livio aliuliza.

"Huu si ule."

"Mvumo ni mvumo."

"Si ule, Livio. Ngoja."

Nilimwona akipiga magoti. Alichomoa waya kwenye pedali zote, akachomeka besi kwenye amplifaya moja kwa moja. Mvumo ukabaki pale pale, haukupungua hata chembe. Kama angekuwa bado na ule waya wa matawi, angeanza kuhangaika na pedali mpaka saa tano ipite. Lakini kila tundu la kisanduku alikuwa amelipima kwa mkono wake, na sasa hata pedali zenyewe hazimo. Akajua tatizo liko kwingine. Alipoinuka akaegemea reli ya chuma ya pembeni mwa jukwaa, mkono mwingine ukiwa kwenye nyuzi za besi. Akautoa haraka.

"Nini?" nikamwuliza.

"Kama sisimizi. Mkononi." Akaitazama reli. Ilikuwa imepakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Akavua besi polepole, akailaza sakafuni. "Ornella, mkoba wangu uko wapi?"

Ulikuwa nyuma, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nikakimbia. Niliporudi na mkoba, Livio alikuwa amesimama mbele yake na utepe mweusi wa kufungia nyaya.

"Dakika thelathini na tano," alikuwa akisema. "Chomoa plagi yako, ziba hivi vibati viwili vya pembeni, mvumo unaisha. Kila mtu anafanya."

"Hivyo ndivyo vinavyoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Sivizibi."

"Mimi naziba miaka thelathini."

"Nimeguswa na umeme sasa hivi, hapa."

"Umeguswa na woga. Ukiogopa redio sema, si aibu. Sandi, njoo."

Sandi akasimama nusu, akaketi tena. Nives alikuwa tayari ameingiza mkono mkobani akitafuta mita, chini ya miwani na kitambaa na funguo. Hapo ndipo Dunja alipotoka nyuma ya pazia. Alikuwa amevaa gauni la kijani, hakujua lolote kati ya haya. Gitaa lake lilikuwa limeshachomekwa kwenye amplifaya. Akalivaa, akaweka mkono wa kushoto juu ya nyuzi kuzinyamazisha, akaenda kwenye maikrofoni kama mwimbaji yeyote anavyoenda kupima sauti, mdomo ukiwa mbele.

Nives alisema, "Dunja, simama." Dunja alitabasamu, akadhani anataniwa, na akazidi kuinama.

Kilichofuata kilichukua muda mfupi kuliko kukisimulia. Nives alipiga hatua mbili na kuipiga teke stendi ya maikrofoni. Stendi ikaruka kando, maikrofoni ikagonga mbao, na spika kubwa zikatoa kishindo kilichomwinua fundi wa redio kitini. Dunja alibaki ameinama mbele ya hewa tupu.

"Umechanganyikiwa?" Livio alifoka.

"Dunja, mama, usiguse kitu," Nives alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Toa mkono kwenye nyuzi. Hivyo. Sasa usisogee."

Alipiga magoti akiwa na mita. Ncha moja akaigusisha kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye wavu wa maikrofoni pale ilipoanguka. Akamgeuzia Livio kioo cha mita. Nami nilikiona. Kilisoma volti mia mbili ishirini na nane.

Livio alitazama namba ile, kisha mdomo wa binti yake, kisha namba. Utepe ulimdondoka.

Mhudumu wa umeme wa ukumbi alikata umeme wa upande ule wote. Alipoifungua amplifaya ya Dunja, alikuta ganda la waya unaoingiza umeme limemeguka kwa umri, na shaba imelalia bati la ndani. Kila chuma kilichounganishwa na bati lile kilikuwa na umeme kamili: nyuzi za gitaa la Dunja, na kwa kupitia ule waya wa chungwa, nyuzi za besi ya Nives pia. Maikrofoni upande wake ilikuwa imeungana na ardhi kama inavyotakiwa. Mdomo wa Dunja ungekuwa daraja.

"Lakini fyuzi ilipaswa kukatika," mhudumu alisema, akikuna shingo. "Bati likishika umeme, unakimbilia ardhini, fyuzi inakatika, kwisha. Hapa ilikosa njia. Na jukwaa hili nyaya zake ni za zamani, hakuna kifaa cha kukata umeme mtu akinaswa." Akauvuta waya wa chungwa, akafungua plagi yake kwa bisibisi. Waya wa ardhi ulikuwa umekatwa kwa koleo, ukakunjwa vizuri, ukafungwa utepe mweusi.

"Huu ni wa nani?" aliuliza.

Tulikuwa watu saba pale. Sote tulijua.

"Wangu," Livio alisema mwishowe. "Niliukata mwenyewe. Zadar, mwaka wa tisini na nane. Ulikuwa unavuma."

Dunja alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa, mikono yake katikati ya magoti. Nives alikaa karibu naye akamshika bega. Livio alitaka kuwafuata, akafika hatua mbili, akasimama.

Fundi wa redio alikuja kuuliza kama tunaahirisha. Aliuliza kwa adabu. Livio alifungua mdomo, kisha akamtazama Nives ili yeye ajibu.

"Dunja?" Nives aliuliza.

"Sitaki kusogelea ile maiki."

"Basi hatupigi. Hakuna atakayekulaumu."

Dunja aliitazama mita mkononi mwa Nives. Kisha akasema, "Ipime tena. Ukisema sawa, naimba. Wewe useme, si baba."

Wakaleta waya wa ukumbi, uliokuwa mzima. Ile amplifaya ya zamani ikatolewa nje kabisa, gitaa la Dunja likachomekwa kwenye mitambo ya ukumbi. Nives alipima nyuzi na maikrofoni, mara tatu, kila mara akimwonyesha Dunja kioo: sifuri. Redio iliweka muziki mwingine kwa dakika kumi na moja. Sandi alisaidia kubeba spika, kisha akaniambia pembeni, "Bibi, mimi ningeziba. Angeniambia ziba, ningeziba."

Nyimbo mbili za kwanza Dunja aliimba akiwa mbali na maikrofoni, sauti ikatoka nyembamba. Wa tatu akasogea. Besi ya Nives ilikuwa safi, unasikia hata kidole kikiachia uzi. Livio alipiga ngoma kama mtu aliyekariri, hakukosea na hakufurahi.

Livio alikuja nyumbani kwa Nives Jumanne mchana, na sufuria ya mchuzi wa samaki alioupika mkewe. Nives alinihadithia. Livio alikaa jikoni bila kuvua koti.

"Sijalala," alisema. "Nikifumba macho naona namba."

"Nami pia."

"Ningekuwa nimemuua, Nives. Kwa koleo la miaka ishirini na tano."

"Ndiyo," Nives alisema. Hakutaka kumpunguzia, na hakutaka kumwongezea.

"Na wewe nilikuita mwoga mbele ya watu."

"Hilo nalo."

Livio alisubiri asamehewe pale pale, na Nives akapakua mchuzi. Walipomaliza kula akamwambia, "Mwezi ujao nitapiga harusi ile ya Kastav, kwa sababu niliahidi. Baada ya hapo sijui."

Alipiga ya Kastav, na nyingine tatu baada yake. Livio alizipeleka nyaya zake zote kwa Morena zikakaguliwa, na ile amplifaya hakuitengeneza, aliipeleka jalalani. Hakumtaja tena mpiga besi mwingine. Lakini Nives aliniambia kwamba kila akimsikia Livio akihesabu kuanza wimbo, moyo wake unachelewa kidogo nyuma ya ngoma, na besi haipigwi hivyo. Mwezi wa kumi akaaga, bila ugomvi. Dunja alilia, Livio akabeba spika yake mpaka kwenye gari na kuifunga mkanda mwenyewe.

Sasa Nives anapiga na wanawake watatu wa Pazin, muziki wa taratibu zaidi. Dunja ana bendi yake Zagreb na humpigia simu siku za Alhamisi. Wiki iliyopita tu alimpigia kuuliza kisanduku gani anunue, maana ameongeza pedali mbili, na Nives akamwambia aandike kwanza kila moja inataka nini.